Mwanangu anasema 1,000,009 ni namba tasa, na kuna mtu anataka tulipie kuisajili

*Swali:* "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Kijana wangu wa pili yuko kidato cha tatu. Tangu shule zifungwe ameshikwa na namba moja tu, 1,000,009. Anaigawa kwa 2, akaja 3, akaja 4, akaja 5, hivyo hivyo mpaka 200. Madaftari mawili yameisha. Kila mara kinabaki kitu, basi anasema hii ni namba tasa. Usiku analala saa saba, wakati mwingine saa nane. Sasa kijana mmoja anayetoa kopi mjini amemwambia kwamba namba tasa kubwa zinanunuliwa na mabenki kwa mamilioni, ila kwanza 'isajiliwe' kwa shilingi 60,000, zitumwe kwa simu kabla ya mwisho wa mwezi. Mwanangu ananisihi. Majirani wananiambia mtoto anachanganyikiwa. Mimi niliishia darasa la saba, hesabu zangu ni za mizani na chenji. Nieleze kwa lugha ninayoielewa: namba hii ni tasa kweli? Ina thamani? Nilipe? Na mtoto je?"

Marahaba, mama. Nianze na hela, maana ndiyo yenye haraka: usilipe. Usitume hata shilingi elfu moja. Sababu nitakupa zote, ila hata ukiishia hapa kwa kuwa mzigo umefika na wateja wanakusubiri, ondoka na hilo.

Pili, 1,000,009 si namba tasa. Inagawanyika. Kijana wako alikuwa anaikaribia, akasimama mapema. Tatu, kwa jinsi ulivyoeleza, sioni mtoto anayechanganyikiwa. Naona mtoto aliyekutana na swali zuri kuliko alivyojua, akakosa mtu wa kumwonyesha liishie wapi. Hilo linanigusa, kwa sababu nimefundisha hisabati miaka mingi na watoto wa namna hiyo hawaji kila mwaka.

Tuanze na neno lenyewe. Umepanga ndoo 12 za dagaa sakafuni. Unaweza kuzipanga safu 3 zenye ndoo 4, au safu 2 zenye ndoo 6, zikakaa mstatili safi. Sasa ziwe 13. Jaribu safu 2, moja inabaki nje. Safu 3, moja inabaki. Safu 4, moja tena. Safu 5, zinabaki tatu. Mwisho unazipanga zote mstari mmoja mrefu, huna namna nyingine. 12 ina vigawo, yaani namba zinazoigawa bila baki. 13 haina, isipokuwa 1 na yenyewe. Hiyo ndiyo namba tasa.

Jina hili sijawahi kulipenda sana. Tasa kwa Kiswahili chetu ni asiyezaa, na limekuwa jina la kuwaumiza watu. Namba hizi ni kinyume chake kabisa, maana ndizo zinazozaa nyingine zote. Chukua 1,134, kimo cha Ziwa Victoria kwa mita kutoka usawa wa bahari: ni 2 × 3 × 3 × 3 × 3 × 7, na huwezi kuipata kwa kuzidisha namba tasa nyingine zozote. Chukua 68,800, kilomita za mraba za ziwa letu: ni 2 iliyorudiwa mara sita, 5 iliyorudiwa mara mbili, na 43 mara moja, zote zikizidishwa pamoja. Kila namba nzima kuanzia 2, ama ni tasa yenyewe, ama imejengwa kwa namba tasa, na kwa namna moja tu. Ndiyo maana watu wamezihangaikia zaidi ya miaka elfu mbili.

Turudi kwenye madaftari ya kijana. Mwambie afungue ukurasa mpya aigawe 1,000,009 kwa 293. Akae nawe, mfanye pamoja. Kwenye 1000, 293 inaingia mara 3, ambayo ni 879; inabaki 121. Shusha 0, inakuwa 1210, inaingia mara 4, ambayo ni 1172, inabaki 38. Shusha 0, inakuwa 380, inaingia mara 1, inabaki 87. Shusha ile 9 ya mwisho, inakuwa 879. Hapo mtulie muitazame. 879 ndiyo ile ile mliyoanza nayo, 293 mara 3. Haibaki kitu. Jibu ni 3413. Kwa hiyo 1,000,009 ni 293 × 3413: ungekuwa na ndoo nyingi kiasi hicho, ungezipanga safu 293 zenye ndoo 3,413 kila moja, na hakuna hata moja ingebaki nje.

293 na 3413 zenyewe ni tasa zote mbili. Kwa hiyo zaidi ya 1 na yenyewe, hizo ndizo namba pekee duniani zinazoigawa 1,000,009. Kijana alijaribu namba zote kuanzia 2 hadi 200, jumla 199, zikakataa zote, na zilikuwa na haki ya kukataa.

Kosa lake si la kugawa vibaya. Kosa ni kudhani kwamba namba ikikataa mara nyingi, basi itakataa daima. Kukataa mara 199 hakuthibitishi kitu mpaka ujue unatakiwa kujaribu mara ngapi. Na jibu la hilo lipo. Ni sehemu ninayoipenda kuliko zote kuwafundisha vijana.

Tazama 36. Vigawo vyake vinatembea wawili wawili: 1 na 36, 2 na 18, 3 na 12, 4 na 9, 6 na 6. Mdogo anapanda, mkubwa anashuka, wanakutana katikati kwenye 6. Ukiendelea baada ya hapo unakutana na 9 na 4, watu wale wale wamebadilishana viti. Kwa hiyo kwenye 36 huna haja ya kupita 6. Mahali wanapokutana ndipo shuleni panapoitwa kipeuo cha pili. Kwa 1,000,009 wanakutana pembeni kidogo tu ya 1000, kwa sababu 1000 × 1000 ni milioni moja kamili, na 1001 × 1001 tayari ni 1,002,001. Kama namba yetu ina vigawo viwili, haiwezekani vyote viwe 1001 au zaidi, vingezidisha kupita kiasi. Mmoja lazima awe chini. Basi ukifika 1000 bila kupata kitu, hapo una ruhusa ya kusema tasa. Ukisimama 200, huna.

Najua anachowaza: kutoka 200 hadi 1000 ni namba 800 nyingine, na likizo inakwisha. Hapana. Hakuna haja ya kujaribu kila namba. Kama 2 imekataa, basi 4, 6, 8 na ndugu zao wote watakataa, maana kila mmoja amebeba 2 ndani yake. Kama 3 imekataa, 9 na 15 na 21 hazina la kusema. Zinazobaki kujaribiwa ni namba tasa peke yake, na chini ya 1000 ziko 168.

Fanya hesabu hii naye, kwa sababu ndiyo itakayomtuliza. Kuanzia 2 hadi 200 amegawa mara 199. Namba tasa humo ni 46 tu. Mara 153 alikuwa anauliza swali ambalo lilikwisha kujibiwa. Angetumia jasho lile lile kwenye namba tasa pekee, angemaliza zote 168, angekuwa na hakika kamili, na ingebaki nguvu ya kugawa mara 31 zaidi. Na 293 angekutana nayo njiani, maana ni namba tasa ya 62 ukihesabu tangu 2. Aliposimama, zilikuwa zimebaki namba tasa 16 tu kuifikia: 211, 223, 227, na kuendelea.

Orodha ya hizo 168 asiitafute kwenye simu. Aitengeneze. Aandike 1 hadi 1000 kwenye karatasi kubwa, afute 1. Aizungushie 2, kisha afute kila ya pili mbele yake. Aizungushie 3, afute kila ya tatu. Namba 4 ataikuta imeshafutwa. Aende 5, kisha 7, kisha 11, hivyo hivyo hadi 31. Akimaliza na 31 zote zilizosalimika ni tasa. Ni mizunguko 11 tu. Njia hii inaitwa chekeche la Eratosthenes, mtu aliyezaliwa Kirene, katika Libya ya leo, akaongoza maktaba ya Aleksandria kule Misri miaka zaidi ya 2,200 iliyopita. Wewe mama utaielewa haraka kuliko wanafunzi wangu wengi, kwa sababu ndiyo kazi yenu pale Mwaloni: mchanga unaanguka, dagaa anabaki.

Yapo mambo mengine mawili yanayowapoteza vijana kwenye namba hii, na pengine yamempoteza na yeye. La kwanza ni umbo lake. Inaishia na 9, haina sura ya kugawanyika. Tarakimu ya mwisho inakuambia kuhusu 2 na 5 tu, basi. 49 inaishia na 9, ni 7 × 7. La pili ni ile baki. Ukiigawa kwa 2 inabaki 1. Kwa 3 inabaki 1. Kwa 17 inabaki 1, kwa 19 inabaki 1, kwa 43 inabaki 1. Mtoto aliye peke yake usiku akiona hiyo 1 inarudi rudi, lazima aanze kuhisi kuna ukuta. Sababu ni kwamba jirani yake wa chini, 1,000,008, ndiyo yenye wingi wa vigawo: ni 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 17 × 19 × 43. Kila anayeigawa 1,000,008 sawasawa atabakiza 1 kwenye 1,000,009. Baki ile ilikuwa habari ya jirani.

Kama anapenda njia za mkato, mwambie 1,000,009 ni 999,999 ukiongeza 10. Na 999,999 inagawanyika kwa 3, 7, 11, 13 na 37. Kwa hiyo kuzijaribu hizo tano hakuhitaji daftari: gawa ile 10 tu. Kwa 3 inabaki 1, kwa 7 inabaki 3, kwa zile nyingine inabaki 10 nzima. Tano zimetoka kwa pumzi moja.

Sasa nataka kijana asome mwenyewe sehemu inayofuata, maana ni yake.

Kuna mtu aliyeanguka kwenye shimo hili hili, kwa namba hii hii. Aliitwa Leonhard Euler, alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707, na alikufa mwaka 1783 Saint Petersburg, Urusi. Hakuna mwanahisabati wa karne yake aliyeandika mengi kumzidi. Katika orodha yake ya namba tasa zilizovuka milioni moja aliiweka 1,000,009. Baadaye, akiwa mzee na karibu kipofu kabisa, akaitilia shaka, akairudia, akaandika makala nzima ambayo kichwa chake kilikuwa swali la mwanao: je, namba hii 1,000,009 ni tasa au si tasa? Akajikosoa mwenyewe mbele ya watu wote.

Njia aliyoitumia haikuwa ya kugawa hata kidogo. Zipo namba tasa ambazo ukizigawa kwa 4 inabaki 1, kama 13, 17 na 29. Kila moja ya hizo hujengwa kwa miraba miwili: 13 ni 2 × 2 ukijumlisha 3 × 3. 29 ni 2 × 2 ukijumlisha 5 × 5. Jambo hili Mfaransa Fermat alilitamka kabla ya Euler kuzaliwa, na Euler ndiye aliyelithibitisha. Na zinajengwa hivyo kwa njia moja tu. Ukikuta namba iliyojengwa kwa njia mbili, si tasa. Mfano mdogo ni 65: ni 1 × 1 ukijumlisha 8 × 8, na pia ni 4 × 4 ukijumlisha 7 × 7. Njia mbili. Na kweli, 65 ni 5 × 13.

Njia ya kwanza ya 1,000,009 iko wazi: 1000 kwa 1000, ukijumlisha 3 kwa 3. Euler akatafuta ya pili, akaipata: 972 kwa 972 ni 944,784, 235 kwa 235 ni 55,225, jumlisha, unapata 1,000,009. Kesi imekwisha. Lakini raha iko mbele. Toa 972 kwenye 1000, unapata 28. Toa 3 kwenye 235, unapata 232. Kigawo kikubwa cha shirika cha 28 na 232, ile KKS waliyosoma shule ya msingi, ni 4, na nusu yake ni 2. Halafu jumlisha badala ya kutoa: 1000 na 972 ni 1972, 235 na 3 ni 238. KKS yake ni 34, na nusu yake ni 17. Sasa 2 × 2 ukijumlisha 17 × 17 ni 4 na 289. Ni 293. Kigawo kimetoka chenyewe, bila kugawa hata mara moja.

Na kwa nini njia mbili zinatokea? Kwa sababu 293 ni mraba wa 2 na mraba wa 17, na 3413 ni mraba wa 7 na mraba wa 58. Ziweke 2 na 17 juu, 7 na 58 chini. Zidisha moja kwa moja: 2 × 7 ni 14, 17 × 58 ni 986. Zijumlishe: 1000. Zitoe: 972. Sasa zidisha kwa kupishana: 2 × 58 ni 116, 17 × 7 ni 119. Zijumlishe: 235. Zitoe: 3. Namba zote nne za Euler ziko hapo, 1000 na 3, 972 na 235. Nimeandika hesabu hii ubaoni mara nyingi na bado hainichoshi.

Kijana, sikuambii haya ili ukose usingizi tena. Nakuambia ili ujue shimo lenyewe lilishapitiwa na mtu mkubwa, na alitoka kwa kurudia kazi yake.

Mama, nirudi kwako, kwenye mabenki. Uongo wa huyu kijana wa kopi umeshonwa juu ya ukweli, ndiyo maana unaaminika. Ni kweli kwamba namba tasa kubwa zinatumika kulinda siri kwenye simu na kompyuta. Mwaka 1977 wataalamu watatu waliokuwa Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, walitoa mfumo unaoitwa kwa herufi za majina yao, RSA. Kompyuta inachagua namba mbili tasa, kila moja ina tarakimu kama 300, inazizidisha, inatangaza jibu na kuficha zile mbili. Kuzidisha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kuzirudisha, yaani kuanza na jibu ukatafuta zile mbili, ni kazi isiyofanyika kwa muda wa maana. Mwaka 2020 namba ya namna hiyo yenye tarakimu 250 ilivunjwa, na zilihitajika kompyuta nyingi zikifanya kazi pamoja.

Lakini benki hainunui namba hizo. Kompyuta inajitengenezea yenyewe, kwa bahati nasibu, bure, ndani ya sekunde. Hazina uhaba: kwenye namba zenye tarakimu kama 300, karibu moja katika kila 700 ni tasa, na mwisho wake haupo. Na hata kama zingekuwa adimu, namba yenye kazi hapo ni ile ambayo hakuna mtu mwingine anayeijua. Benki kununua namba kwa kijana wa mtaani ni sawa na wewe kununua kufuli la ghala kwa mtu aliyebaki na ufunguo wake. Halafu 1,000,009 ina tarakimu saba. Simu yako hiyo hiyo inaivunja kabla hujaiweka sikioni.

Zawadi halali zipo, sitaki kukuficha. Kuna mradi unaoitwa GIMPS unaowaunganisha watu wa nchi nyingi kutafuta namba tasa kubwa kupita zote. Oktoba 2024 Mmarekani Luke Durant alipata kupitia mradi huo namba yenye tarakimu 41,024,320. Ukichapa tarakimu 3,000 kila ukurasa, unahitaji kurasa zaidi ya 13,000. Zawadi ya mradi kwa ugunduzi huo ni dola 3,000. Ipo pia zawadi ya dola 150,000 ya taasisi ya Electronic Frontier Foundation kwa namba tasa ya kwanza yenye tarakimu milioni mia moja, na wakati naandika haijachukuliwa. Kujiunga ni bure na programu ni ya bure. Hakuna ada ya kusajili namba. Ila nisikupe tumaini la uongo: kazi ile inafanywa na kompyuta zinazowaka usiku na mchana, umeme wake peke yake ungekumaliza, na uwezekano wa mtu mmoja kupata ni mdogo mno. Si njia ya kutafutia ada ya shule.

Kwa hiyo huyo anayetaka 60,000 ni tapeli, hata kama mwanao anamwona rafiki. Alama zake ni zile zile za matapeli wote: hela itangulie, ipite kwenye simu, na muda uwe mfupi. Kama hamjatuma, ondokeni tu, na kijana asirudi peke yake. Kama mlishatuma, nenda wewe mwenyewe kituo cha polisi na ujumbe wa muamala, na uwapigie kampuni ya simu siku hiyo hiyo. Namba inayokutumia ujumbe wa kudai hela unaweza pia kuiripoti bure kwenda 15040.

Mwanao usimgombeze kwa hili. Alitaka kukuletea mamilioni.

Sasa kuhusu majirani. Kushikwa na swali si ugonjwa. Wapo watoto wanaoshikwa na mpira, wapo wanaoshikwa na muziki, huyu ameshikwa na namba. Kinachonisumbua ni ule usingizi. Mpangie muda: aanze saa mbili usiku, na ikifika saa nne daftari lifungwe, na asubuhi amkie kazi za nyumbani kama wenzake. Akikubali, akala, akacheka na nduguze, akaelewa pale unapomwonyesha 293, basi huna la kuogopa. Lakini ukiona halali kabisa siku kadhaa mfululizo, hali chakula, anajitenga, anaongea maneno usiyoyafuata, au anasema namba zinamtuma kitu, hapo usinisubiri mimi wala usisikilize majirani. Mpeleke hospitali aonane na daktari, ana kwa ana, mapema. Mimi ni mwalimu wa hisabati, mtoto simuoni kwa maandishi.

Shule zikifunguliwa, nenda siku moja asubuhi uonane na mwalimu wake wa hisabati. Najua siku ya mzigo ni ngumu kuondoka, lakini nenda wewe, usitume barua. Chukua yale madaftari mawili mkononi. Mwalimu akiona kazi ya mara 199 iliyofanywa bila kuamrishwa, atajua ana mwanafunzi wa aina gani, na mnaweza kuzungumza mapema kuhusu PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, kidato cha tano. Muulize pia kama wana mawasiliano na CHAHITA, Chama cha Hisabati Tanzania. Kama mwalimu ni mmoja kwa madarasa mengi na hana nafasi, usikate tamaa: vyuo hapa Mwanza vina wanafunzi wanaosomea ualimu wa hisabati, na wengi wao wangefurahi kukaa saa moja kwa wiki na mtoto kama huyu. Mkutane shuleni au nyumbani kwako, ukiwepo.

Kuhusu simu na kikokotoo, kuna walimu watakaokuambia aiachie mashine kazi yote. Simu inatoa 293 mara moja, ni kweli. Kwa umri wake mimi ningependa kwanza afanye kwa mkono, akiwa na chekeche lake ukutani, halafu mashine ije kuhakiki. Aliyegawa mwenyewe anajua kwa nini anasimama 1000.

Na akishalala vizuri wiki nzima, mpe namba hii kutoka kwangu: 1,000,003. Jibu sisemi. Ile hila ya miraba haitamsaidia, maana ukiigawa kwa 4 inabaki 3, na mraba wowote ukiugawa kwa 4 unabakiza 0 au 1, hivyo miwili haiwezi kufikisha 3. Itabidi azipitie namba tasa moja moja kuanzia 2. Ya mwisho anayotakiwa kuijaribu ni 997.